Unasoma sosholojia na unataka kuijua data? Pita huku

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa yakitoka meseji zinaanza kuingia, na karibu zote ni zile zile, kaka nimepangiwa sosholojia, nimetoka HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), hesabu niliagana nayo fomu foo, sasa nasikia kazi zote zimehamia kwenye data, je nibadilishe kozi au ndo nimeshachelewa? Jibu langu fupi, usibadilishe. Kaa hapo hapo kwenye sosholojia alafu chota takwimu na koding pembeni kidogo kidogo, ukifika mwaka wa tatu utakuwa na kitu ambacho mtu wa kompyuta peke yake hana na mtu wa madesa ya nadharia peke yake hana. Nitaeleza namna ya kufanya, nimelenga zaidi wa Tanzania maana ndo mazingira ninayoyajua vizuri, ila wa Kenya na Uganda mengi yanawahusu pia.

Na tuondoe dhana moja kwanza, kwamba kuchanganya jamii na namba ni mambo ya juzi yaliyokuja na intaneti. W.E.B. Du Bois, mwanasosholojia mweusi wa Marekani, mwaka 1896 na 1897 alikuwa anapita nyumba kwa nyumba Philadelphia, eneo la Seventh Ward, anahoji watu weusi wanaishije, wanafanya kazi gani, wanalipa kodi ya nyumba kiasi gani. Mwaka 1900 yeye na wanafunzi wake wa Atlanta wakapeleka chati kwenye maonesho ya dunia Paris, chati zimechorwa kwa mkono na kupakwa rangi, zinaonesha ardhi, elimu na mali za watu weusi wa Georgia, na ukiziangalia leo bado zinazipiga bao chati nyingi za ripoti za miradi yetu. Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa, naye 1897 alishinda kwenye majedwali ya watu waliojiua huko Ulaya, analinganisha Wakatoliki na Waprotestanti, waliooa na wasiooa. Kwa iyo lekchara akikwambia sosholojia haina hesabu, msikilize kwa heshima alafu endelea na mambo yako.

Kuchagua kozi

Vyuo vyetu vingi havina digrii moja ya kwanza inayounganisha hivi vitu viwili, unaijenga mwenyewe kupitia opsheni. Wiki za mwanzo za semista nenda ofisi ya dipatimenti, usiulize kwa wenzako kwenye grupu la WhatsApp maana huko kila mtu anajua nusu, uliza unaruhusiwa kuchukua kozi ngapi za nje ya dipatimenti na je zinahesabika kwenye GPA au la. Ukishajua hilo tafuta utangulizi wa takwimu, mbinu za utafiti wa kitakwimu na demografia. Demografia wengi wanaikimbia wakidhani ni kukariri idadi ya watu, wakati ndo kozi pekee kwenye sayansi za jamii ambayo itakufundisha kuishuku namba vizuri, nitarudi hapo chini.

Kama uko Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, una bahati ya jirani, Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, EASTC, kipo Changanyikeni pale, kipo tangu 1961 na kimefundisha watu wa ofisi za takwimu wa nchi kibao. Tafuta rafiki anayesoma pale. Sio utani, makubaliano yawe rahisi tu, wewe unamsaidia kuandika maelezo na kutengeneza dodoso linaloeleweka na yeye anakuelekeza rigresheni (hesabu ya kuona kitu kimoja kikibadilika kingine kinabadilikaje), wote mnafaidika.

Usibebe kozi mbili nzito za hesabu semista moja ukitokea HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Moja inatosha. Hakuna anayekupa tuzo kwa kudisko, yani kuondolewa chuo kwa kufeli, ukiwa na sababu nzuri.

Na hesabu yenyewe unayohitaji kuanzia ni ipi? Asilimia (usicheke, watu wanakosea asilimia ya nini juu ya nini hadi kwenye ripoti zilizochapwa), wastani na namba ya katikati, mtawanyiko, uwezekano, sampuli na kosa lake, alafu rigresheni. Matriksi na kalkulasi zitakuja baadaye ukitaka kuingia kwenye mashine lening (kompyuta kujifunza yenyewe kutoka kwenye data) kwa undani, na kufikia hapo utakuwa na sababu ya kuzisoma, hazitauma kama zilivyouma shule.

Vifaa

Dipatimenti nyingi zinafundisha SPSS, baadhi Stata, zote ni programu za takwimu. Zisome ufaulu mtihani, ila leseni zake ni hela na ukimaliza chuo hauna. Mimi nakushauri R au Python, hizi ni lugha za koding, zote bure kabisa. Ukiniuliza ipi kati ya hizo, kwa mtu wa sosholojia nasema R, kwa sababu ilitengenezwa na watu wa takwimu, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Auckland, New Zealand, na kazi za tafiti za kaya na sampuli zenye uzani zina vifurushi (programu ndogo za nyongeza) vilivyokomaa. Python chukua kama unaona unaelekea kwenye maandishi, picha au kampuni za teknolojia. Usisome zote mbili kwa pamoja, utaishia kujua nusu ya kila moja, na ukishaielewa moja nyingine haikusumbui.

Laptopu iliyotumika inatosha, angalia RAM isipungue GB 8 na diski iwe SSD, basi, mambo ya kioo cha kugusa waachie wenyewe. Kama hauna laptopu kabisa Google Colab inafunguka kwenye brauza hata ya simu, inachosha macho na inakula bando ila watu wameanzia hapo. R uzuri wake ukishaishusha mara moja na vifurushi vyake, unafanya kazi hosteli bila intaneti hata wiki nzima.

Akili mnemba nayo, najua mnaitumia, tumieni. Ila ikuandikie msimbo wa kitu ambacho wewe unajua jibu lake linatakiwa lifananeje. Ukiiomba ikuchambulie data ambayo hauijui itakupa jedwali safi la uongo na wewe utalipeleka kwa supavaiza ukiwa umejiamini kabisa.

Data yako ya kwanza, na hapa tukae kidogo

Hapa ndo watu wanapopotea. Wanaenda kwenye kozi za mtandaoni wanapewa data ya abiria wa Titanic na bei za nyumba za Boston, wanamaliza, wanapata cheti, alafu ukiwauliza swali lolote kuhusu Mbagala hawana la kusema. Chukua data ya kwenu. Zipo, na nyingi ni bure kwa mwanafunzi.

Tafiti za Afya ya Uzazi na Mtoto, watu wanaziita TDHS, ya karibuni ni ya 2022. Unajisajili, unaandika aya moja ya unataka kufanya nini, unasubiri ruhusa, unashusha. Mradi wa kimataifa unaozisimamia ulisimamishwa mapema 2025 Marekani ilipokata misaada, kwa iyo ushauri wangu ukipata ruhusa shusha na tunza nakala, usiseme utarudi kesho. Afrobarometer, maoni ya watu kuhusu siasa na maisha, kwa Tanzania wanafanya REPOA, taasisi ya utafiti, kwa kawaida wanahoji watu 1,200 au 2,400 kila nchi. Kuna National Panel Survey ya NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) iliyoanza 2008/09, hii inarudi kwa kaya zile zile miaka tofauti, iko kwenye maktaba ya data ya Benki ya Dunia. Na ripoti za sensa ya 2022, ile iliyotuhesabu watu 61,741,120.

Tuseme umeshusha TDHS na swali lako ni hili, wanawake gani wana simu yao wenyewe? Swali dogo, ila ndani yake kuna ndoa, kipato, elimu, mji na kijiji, yani sosholojia tupu. Fungua faili la wanawake, utakutana na safu elfu kadhaa zenye majina kama v012, v025, v106, v169a. Usiogope. v012 ni umri, v025 mjini au kijijini, v106 kiwango cha elimu, v190 ni ngazi ya utajiri wa kaya, v169a ndo simu. Chagua hizo chache, nyingine zitupe pembeni, faili likiwa jepesi hata akili inatulia.

Sasa ukihesabu moja kwa moja asilimia ya wenye simu utapata namba, na hiyo namba ni mbovu. Kwa nini? Kwa sababu sampuli haikuchukuliwa sawasawa, mikoa yenye watu wachache imeongezewa kaya ili nayo isomeke, Zanzibar kwa mfano, kwa iyo mwanamke mmoja kwenye faili anawakilisha watu wengi na mwingine anawakilisha wachache. Marekebisho yake yako kwenye safu inaitwa v005, hiyo ndo uzani, na unaigawa kwa 1,000,000 kabla ya kuitumia kwa sababu waliihifadhi bila nukta ya desimali. Pia mwambie R kwamba v021 ni klasta, yani eneo dogo ambalo kaya zilichaguliwa humo, maana wanawake wa mtaa mmoja wanafanana, hauwezi kuwahesabu kama watu waliookotwa kila mmoja kivyake. Fanya hesabu bila uzani, alafu fanya na uzani, weka namba mbili pembeni kwa pembeni, tofauti utakayoiona itakufundisha sampuli kuliko sura nzima ya kitabu. Ukilinganisha na jedwali la ripoti rasmi na zikalingana, umefaulu, nenda kanywe soda.

Baada ya hapo ndo unaanza kazi yetu sisi. Chora grafu ya umri, kila mwaka mmoja mmoja. Utaona milima kwenye 20, 30, 40 na vimlima kwenye 25 na 35. Mtu wa kompyuta tupu ataona ni makosa atataka kuyalainisha. Wewe unajua kwamba kuna mama alizaliwa kijijini hana cheti cha kuzaliwa, karani amemuuliza umri, ameangalia juu, amesema andika thelathini. Sasa jiulize milima hiyo ni mirefu kwa nani, waliosoma au ambao hawakusoma, wa mjini au wa kijijini? Pigia hesabu. Kosa limegeuka kuwa taarifa, linakuonesha ni wapi serikali haijafika na karatasi zake. Kuna jingine tamu zaidi, kwenye tafiti za aina hii wanaohojiwa ni wanawake wa miaka 15 hadi 49, na mara nyingi wataalamu wameona wasichana wa 14 na akina mama wa 50 wakizidi kiajabu ukilinganisha na majirani zao wa 15 na 49. Wamezeeka ghafla? Hapana bana, karani amechoka, dodoso la mwanamke mmoja ni refu, ukimsogeza mama mwaka mmoja mbele umepunguza kazi ya jioni. Hilo hautaliona kwenye kozi yoyote ya koding, unaliona kwa sababu umesoma kwamba karani naye ni mwanajamii, ana bosi, ana njaa na ana posho.

Namba zinazaliwa wapi

Nilisema nitarudi kwenye demografia. Chukua neno kaya, kila utafiti nchini umejengwa juu yake. Maelekezo ya makarani kwa ujumla yanasema ni watu wanaoishi pamoja na kuchangia mahitaji, wale wa chungu kimoja. Sasa nenda nyumba ya kupanga Manzese, vyumba nane, choo kimoja. Kijana amepanga chumba cha uani ila usiku anakula kwa mama yake mtaa wa pili, mchana mama lishe, nguo anafuliwa na dada yake, kodi analipa mwenyewe. Yupo kaya gani? Karani ana dakika chache ataamua kitu, na uamuzi wake utaingia kwenye wastani wa watu kwa kaya, ambao utaingia kwenye hesabu ya umasikini, ambayo itaingia kwenye mpango wa nani apewe ruzuku. Ukiweza kuifuata namba moja kuanzia mlangoni kwa mtu mpaka kwenye jedwali la wizara, hapo umeshakuwa mtu wa data wa kweli, hata kama R yako bado inachechemea.

Mfano mzuri wa kazi iliyofanywa kwa akili hii ni utafiti wa Kagera. Walianza na kaya 915 mwaka 1991 hadi 1994, wakarudi 2004 na tena 2010. Tafiti nyingi zikirudi zikakuta mtu kahama zinamfuta. Hawa walimfuata, Mwanza, Dar, hadi Uganda. Wakalinganisha ndugu waliokulia kaya moja, mmoja kabaki na mwingine katoka, na kati ya 1991 na 2004 matumizi ya waliohama maeneo yao yalikua zaidi kwa pointi za asilimia kama 36 hivi kuliko ya wale waliobaki. Fikiria wangewafuta waliohama, jibu lote lingepotea. Ujanja wa pale haukuwa programu ya kompyuta, ulikuwa kuuliza majirani amehamia wapi na nani ana namba yake.

Au angalia Sauti za Wananchi, utafiti wa maoni wa shirika la Twaweza, wao wanahoji kwa simu. Ukisikia hivyo tu swali la kwanza linatakiwa liruke lenyewe kichwani, na wasio na simu je? Walivyoanza waliwagawia walioingia kwenye sampuli simu na chaja za sola. Huo ndo usosholojia kwenye data, kuona nani ameachwa nje kabla haujaanza kuhesabu waliomo ndani.

Fildi

Fildi, yale mafunzo kwa vitendo, usiichukulie kama ya kusaini logibuku na kupiga picha ofisini. Omba sehemu yenye data chafu, halmashauri, hospitali, NGO ya afya, hata SACCOS. Nenda na KoboToolbox kichwani, ni bure, unatengeneza dodoso unaliweka kwenye simu, linafanya kazi bila mtandao na unatuma ukifika kwenye network. Ofisi nyingi bado zinajaza karatasi alafu mtu mmoja anahamishia Excel wiki mbili, ukiwatengenezea dodoso la simu siku ya tatu watakukumbuka.

Utakutana na safu ya wilaya imeandikwa Temeke, TEMEKE, temeke na nafasi mbele, Temeke DSM, Tmk, na nyingine imeandikwa Mbagala kwa sababu aliyejaza anaishi huko. Kusafisha hiyo ndo sehemu kubwa ya kazi hii, wanaokuonesha roboti na grafu zinazocheza hawakwambii. Andika kila badiliko kwenye skripti, usirekebishe kwa mkono kwenye Excel, maana mwezi ujao bosi atauliza kwa nini wagonjwa wamepungua na wewe haukumbuki ulifuta nini. Faili la awali lisiguswe kabisa, liweke pembeni.

Na ukiwa fildi kaa na wanaojaza. Muulize nesi au afisa mtendaji anajaza saa ngapi, akikosa jibu anaweka nini. Ukisikia "tunaweka sifuri tu" umepata dhahabu, kwa sababu kwenye kompyuta sifuri na hatujui ni vitu viwili tofauti kabisa.

Maandishi na mitandao

Wengi siku hizi mnataka kuchambua komenti za mitandaoni. Sawa, ila jueni vifaa vingi vya kupima hisia vilifundishwa kwa Kiingereza. Mtu anaandika "hongereni sana kwa kutukatia umeme siku ya harusi" mashine inaweka pongezi. Kwa Kiswahili kuna kazi zimefanyika, kuna jamii ya watafiti wa Afrika inaitwa Masakhane, na 2023 ilitoka AfriSenti, mkusanyiko wa twiti za lugha 14 za Afrika zilizopangwa hisia na watu, Kiswahili kimo. Anzia hapo. Alafu chukua komenti mia mbili wewe na rafiki yako, kila mmoja apange kivyake hii nzuri hii mbaya, mlinganishe. Mkikuta nyie wenyewe hamkubaliani kwenye robo ya komenti, basi mashine nayo usiidai miujiza. Na usiandike kwenye ripoti "Watanzania wanaona", andika watu waliokomenti wanaona, mama wa Nanyamba kule Mtwara hayupo kwenye hizo komenti.

Sheria na heshima

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019. Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa 2018 na tena 2019, isome kabla haujatangaza matokeo ya utafiti wako mtandaoni, usiisome kwa kuhadithiwa. Kwa kazi ya darasani barua ya chuo na kibali cha ofisi husika ndo utaratibu wa kawaida, kwa utafiti mkubwa kuna COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na ngazi za mkoa, wilaya, kata hadi mtaa, na kila ngazi ina muhuri wake, kwa iyo anza mapema maana mihuri haina haraka.

Kufuta jina peke yake sio kuficha mtu. Ukiacha kijiji, jinsia na kazi, "mwalimu mkuu wa kike, miaka 52", kijiji kizima kinamjua ni nani. TDHS wao hata sehemu ya klasta kwenye ramani wanaisogeza kwa makusudi, mjini hadi kilomita 2 na kijijini hadi 5 (chache hadi 10), na ndo maana usije ukachora ramani ukamnyooshea mtu kidole kwamba ukimwi uko nyumba hii.

Kuna jambo linaniudhi kidogo nalisema hapa hapa. Kuna tabia ya watu kuingia vijijini, wanahoji masaa mawili, wanaondoka na data, wanapata digrii, kijiji hakioni hata karatasi moja. Ukimaliza tengeneza ukurasa mmoja wa Kiswahili, mpelekee mwenyekiti wa kijiji. Wakiisoma watakwambia ulipokosea, na mara nyingi wako sahihi.

Disatesheni na baada ya hapo

Disatesheni nakushauri uchanganye, nusu ya kwanza data iliyopo tayari, nusu ya pili mahojiano ya watu kumi na tano au ishirini. Mfano data inaonesha wanawake walioolewa wa kundi fulani wana simu chache kuliko ambao hawajaolewa wenye elimu ile ile, sawa, data haitakwambia kwa nini. Nenda kawaulize. Labda simu ipo ila ni ya baba watoto, labda aliuza kulipa ada, labda wivu. Ukirudi kwenye data na majibu hayo utajua safu gani uitazame tena. Supavaiza anaweza kukuvunja moyo kwamba ni nyingi sana kwa shahada ya kwanza, punguza swali, usipunguze mbinu.

Kazi zako zote weka GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kuonesha kazi za koding, hata ndogo, na maelezo kwa lugha ya mtu wa kawaida. Waajiri wa kada hii, miradi ya afya, mashirika ya tathmini na ufuatiliaji, mabenki, kampuni za mikopo ya simu, wanataka kuona kitu ulichofanya. Kwenye mikopo ya simu kuna mjadala mzito wa nani mashine inamkatalia na kwa nini, mama anayepokea hela za vikoba kwa simu ya mtoto wake mashine inamuona hana historia, mtu aliyesoma jamii ndo anatakiwa awepo kwenye hicho chumba.

Kwa wanaotaka masta nje, programu zilizochanganya haya mambo mawili zipo kwa jina kabisa, Oxford wana Social Data Science, Copenhagen pia, LSE wana yao ya Applied Social Data Science, Linköping kule Sweden na Chicago wana Computational Social Science. Ada ni kubwa kwa sisi tusio wa huko, kwa iyo skolashipu ndo itangulie, anza kuangalia mwaka mzima kabla, wengi wao dirisha linafungwa miezi ya baridi huko kwao wakati wewe hata transkripti haujaifuata. Watataka uthibitisho wa hesabu uliyosoma, na hapo ndo zile opsheni ulizochukua mwaka wa pili zitakapokuokoa, kwa iyo maelezo ya kila kozi, ile karatasi yenye mada na kitabu kilichotumika, iombe dipatimenti kila semista ikiisha na uiskani, maana miaka mitatu baadaye aliyekuwa anazitunza atakuwa amehamishwa na kabati halina funguo.